Mkalimani wa Dirishani

Kantengwa alikuwa na mwiko mrefu kuliko yeye mwenyewe. Mumewe, Anastazi, ndiye aliyemchongea, na siku ya kumkabidhi alimwambia kwamba kwa mwiko kama ule mtu anaweza kukoroga uji au kuvukia mto, achague mwenyewe. Kantengwa aliusimamisha kando yake, akakuta unampita kwa kiganja kizima, akacheka mpaka akakaa chini. Ndivyo alivyokuwa. Kicheko kilimshika ghafla kama kwikwi, na kikimshika alitafuta ukuta, mti au bega la jirani la kuegemea.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mpishi wa Shule ya Msingi Rwamiyaga, shule ndogo iliyo juu ya kilima huko Kimuli, katikati ya migomba na mibuni ya watu. Madarasa yalikuwa saba na vyumba vitano, kwa hiyo mengine yalipokezana, na siku isiyo na mvua darasa la tano lilisomea nje. Baada ya kila mavuno wazazi walileta mahindi na maharage, huyu debe, yule nusu debe, na Kantengwa aliyageuza kuwa uji wa saa nne na makande ya mchana. Watoto walimwita Mama Nikuze, kwa jina la binti yake mkubwa aliyeolewa Nyaishozi.

Yeye mwenyewe alisoma hapo hapo Rwamiyaga mpaka darasa la nne, kisha mama yake akajifungua mapacha na mtu wa kuwabeba akahitajika. Hakulalamika. Alijua kusoma, ingawa kwa kufuatisha kidole, na alijua lugha tatu: Kinyarwanda cha wazazi wake, Kinyambo cha majirani, na Kiswahili cha kanisani na sokoni. Zote tatu alizizungumza na sufuria. Aliisifu, aliigombeza, aliiuliza kama imelala vizuri. Walimu walishazoea. Mgeni ndiye aliyegeuka kutazama mpishi anaongea na nani.

Mgeni mmoja wa namna hiyo alifika mwezi wa Januari, amepanda pikipiki kutoka Omurushaka, godoro limefungwa nyuma na vumbi jekundu limemjaa hadi kwenye kope. Aliitwa Mwalimu Somoe, binti wa Kilwa, umri wake miaka ishirini na sita, na hiyo ndiyo ajira yake ya kwanza. Kiswahili chake kilikuwa laini mno. Alisema "tafadhali" hata kwa mbuzi aliyemzibia njia. Kantengwa alipomkaribisha kikombe cha uji, Somoe alipiga goti kidogo akasema, "Shikamoo mama, nashukuru sana, Mungu akuzidishie." Kantengwa akaitikia marahaba, akarudi jikoni na kuiambia sufuria kwamba leo wamepata mtu.

Somoe alipewa darasa la kwanza, watoto hamsini na wanane. Wengi wao hawakuwahi kusikia Kiswahili kikizungumzwa kwa zaidi ya dakika tano mfululizo. Walimtazama kama watu wanavyotazama redio mpya. Akisema simameni, walitabasamu. Akisema kaeni, walitabasamu zaidi.

Siku ya tatu, kama saa tatu hivi, Kantengwa alikuwa anachochea kuni nyuma ya ofisi aliposikia kelele. Hazikuwa kelele za mchezo. Aligeuka akaona darasa la kwanza linamwagika nje, wengine kwa mlango, wengine kwa madirisha, wote wakipiga yowe moja: "Enjojo! Enjojo!"

Enjojo kwa Kinyambo ni tembo. Na tembo hakuwa kiumbe wa kwenye picha tu. Watu wa ng'ambo ya bonde waliwahi kusimulia jinsi migomba yao ilivyolazwa chini. Kantengwa hakufikiri. Aliuchomoa mwiko kutoka kwenye sufuria, uji ukimchuruzikia mkononi, akakimbia kuelekea darasani. Atamfanya nini tembo kwa mwiko hakujua, lakini alikimbia.

Ndani alimkuta Mwalimu Somoe peke yake, amesimama juu ya meza, amekusanya sketi yake kwa mikono miwili.

"Yuko wapi?" Kantengwa aliuliza, akihema.

"Nani, mama? Nyoka?"

"Tembo!"

Somoe alimtazama mwanamke yule aliyejaa uji mpaka kwenye kiwiko. "Tembo? Mimi sinywi tembo, mama. Naapa. Tangu nifike hapa nimekunywa uji wako na chai basi."

Kwao Kilwa tembo ni pombe ya mnazi. Ilichukua muda wawili hao kuelewana kwamba mmoja anatafuta mnyama na mwingine anajitetea kwa ulevi. Walipoelewana, Kantengwa akauliza kwa upole, "Mwalimu, kwani ulikuwa unawaambia nini watoto?"

"Sikuwaambia kitu. Nilimwita yule kijana wa nyuma aje ubaoni. Nikamwambia njoo. Hakuja. Nikamwambia tena, njoo, njoo! Nikapaza sauti kidogo. Njoo! Njoo!"

Kantengwa alirudia kwa midomo bila kutoa sauti. Njoo, njoo. Enjojo. Kisha akashika fremu ya mlango kwa mkono mmoja na mwiko kwa mkono mwingine, na kicheko kikamchukua kabisa. Alicheka mpaka machozi yakachanganyika na uji. Somoe, juu ya meza, alianza kutabasamu bila kujua sababu, na alipoelezwa naye akashuka, akakaa kwenye kiti, akajifunika uso kwa daftari la mahudhurio. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Watoto walikuwa wamejificha kwenye kibanja cha migomba cha jirani, kila mmoja nyuma ya mgomba wake. Kantengwa aliwaendea. Aliwaeleza kwa Kinyambo kwamba tembo hayupo, kwamba mwalimu alikuwa anaita tu, na kwamba kwa Kiswahili mtu akiitwa huambiwa njoo. Kwa wale wachache wa nyumba za Kinyarwanda alirudia kwa Kinyarwanda. Halafu akawapanga mstari, akasimama mbele yao, akapiga kelele, "Njoo!" Watoto hamsini na wanane wakamfuata mlimani wakiitikia "Njoo! Njoo!" kwa furaha, kama wimbo wa harusi, mpaka darasa la sita likaacha hesabu na kujaa madirishani.

Walipokwisha kukaa, Kantengwa akataka kuondoka.

"Mama Nikuze," Somoe alisema, "usiondoke, tafadhali."

"Uji wangu utaungua, mwalimu."

"Dakika tano tu."

Uji uliungua. Siku ya pili uliungua tena. Siku ya tatu Mwalimu Mkuu Rwegasira, mtu mwembamba mwenye hofu, ambaye kila mara alikuwa na kalamu moja sikioni na nyingine mfukoni iwapo ya sikioni itapotea, alionja kikombe chake, akakunja uso, akaenda mwenyewe kuchungulia darasa la kwanza. Alimkuta mpishi wake katikati ya chumba, anageuza sentensi ya mwalimu kwa lugha mbili huku akipunga mikono kama mwongoza kwaya.

"Mama Nikuze," alisema nje, kwa sauti ya chini, "kamati ilikupa kazi ya uji."

"Ni kweli, mwalimu mkuu."

"Sasa mimi nitawaeleza nini wazazi? Watoto wanasoma vizuri lakini uji una ladha ya moshi?"

Kantengwa alirudi kwenye kuni zake. Jioni alimweleza Anastazi, ambaye alisikiliza hadi mwisho huku akimenya ndizi, kisha akasema jambo fupi: "Kama wewe huwezi kuwa mahali pawili, si tuhamishe jiko?"

Jumamosi hiyo Anastazi na mwenyekiti wa kamati, Mzee Elpidius, walibeba mafiga matatu makubwa kutoka nyuma ya ofisi mpaka chini ya dirisha la darasa la kwanza, upande ambao upepo unaelekea, ili moshi uende bondeni. Wakachomeka nguzo nne, wakaezeka mabati mawili. Wanawake waliokuwa wakitoka kisimani walisimama kuangalia. Mmoja akauliza kama shule imeanza kufundisha uji. Mzee Elpidius akajibu kwamba hapana, uji ndio umeanza shule.

Basi ikawa hivyo. Somoe alisimama ubaoni, Kantengwa alisimama dirishani na mwiko wake, na neno lilitoka kwa mmoja, likapita kwa mwingine, likarudi limebebwa na vinywa hamsini na vinane.

"Mbuzi!" alisema Somoe.

"Embuzi! Ihene!" alirusha Kantengwa kwa Kinyambo na Kinyarwanda, bila kuacha kukoroga.

"MBUZI!" liliitika darasa, na mbuzi wa kweli aliyefungwa uwanjani akainua kichwa.

Siku nyingine mambo hayakunyooka. Kitabu kilikuwa na picha ya nazi kwenye herufi N, na Somoe, ambaye nazi kwake ni kama maji, alishangaa kuona hata Kantengwa ameduwaa. Hakuna aliyewahi kuishika.

"Waambie ni tunda," alisema Somoe. "Kubwa, la mviringo, gumu nje. Lina manyoya kidogo, na ndani lina maji."

Kantengwa akatafsiri hivyo hivyo. Mtoto mmoja aitwaye Ainebyona, mwenye kujua kila kitu, alinyoosha mkono akiwa tayari amesimama. "Ni kichwa!" alisema.

Somoe alidondosha chaki. Nje, mwiko ulisimama. Somo lile halikuisha, maana kila Somoe alipojaribu kufungua mdomo alimwona Ainebyona amejishika kichwa anakitikisa kusikia kama kina maji. Kesho yake alifuta nazi, akachora ndizi. Hapo ndipo darasa lilipowaka moto, kwa sababu kila mtoto alitaka kujua ni ndizi ipi: ya kupika, ya kuchoma, ya kuiva, au ya kutengenezea rubisi, pombe ya babu zao. Walibishana kwa ufasaha kiasi kwamba Somoe alikaa chini akawaacha, akimwomba Kantengwa amtafsirie yeye sasa.

Nyumbani Anastazi aliona mabadiliko. Mkewe alianza kusema "tafadhali nisogezee hicho kigoda" na "samahani, umekwisha kula?" Siku ya kwanza Anastazi alimgusa paji la uso kuona kama ana homa. Siku ya nne alimjibu, "Bila samahani, mwalimu," wakaangua kicheko wote wawili, kuku wakatawanyika.

Kulikuwa na mtoto mmoja, Uwiduhaye, msichana mdogo wa nyumba ya vibarua waliokuja kulima upande ule. Tangu Januari hakuwa ametamka neno darasani, si Kiswahili, si Kinyarwanda, hata kukohoa alikohoa kwa siri. Alikaa karibu kabisa na dirisha, akimwangalia Kantengwa. Siku moja mwezi wa Julai, Kantengwa alikuwa amezama katika kueleza tofauti ya juu na chini, akipanda na kushuka kwa magoti, alipohisi mtu anamvuta kitenge kupitia dirishani.

"Mama Nikuze," alisema Uwiduhaye kwa Kiswahili safi kabisa, "uji unaungua."

Darasa zima liligeuka. Somoe alisimama mdomo wazi. Kantengwa aliangalia sufuria, akamwangalia mtoto, na badala ya kuokoa uji alipitisha mikono yake yote miwili dirishani akamshika mashavu. "Acha uungue!" alisema. "Sema tena!"

"Uji unaungua!"

"Tena!"

Uji uliungua siku ile kuliko siku nyingine zote, na Mwalimu Mkuu Rwegasira aliunywa akinyamaza, kwa kuwa alikuwa ameambiwa sababu.

Kufika mwezi wa Oktoba Kantengwa aligundua jambo lililomchoma kidogo rohoni. Somoe alisema neno, na kabla yeye hajafungua mdomo watoto walikuwa wameshajibu. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili alikoroga uji bila kuongea nao. Alifurahi, ndiyo, lakini kuna siku alijikuta akitafsiri kimoyomoyo neno ambalo hakuna aliyelihitaji, akahisi kama mtu aliyefika kwenye sherehe watu wakiwa wanaosha vyombo.

Kisha Novemba ikaja, na barua ikasema mkaguzi anakuja. Siku hizi wanaitwa wathibiti ubora, lakini Rwamiyaga walisema mkaguzi, na Mwalimu Mkuu alilitamka neno hilo akishika kalamu zote mbili kwa mpigo. Aliamuru nyasi zikatwe upande wa mbele. Upande wa nyuma ukabaki kama ulivyo, maana mafyekeo yalikuwa mawili tu. Halafu akamwita Kantengwa pembeni.

"Mama yangu, nakuomba. Siku hiyo wewe ni mpishi tu. Kaa na sufuria yako. Usitoe sauti. Mkaguzi akisikia mpishi anafundisha, mimi nitaanzia wapi kueleza?"

"Nitanyamaza, mwalimu mkuu."

"Hata na sufuria usiongee."

Hilo lilimuuma zaidi, lakini alikubali.

Tatizo lilikuwa Somoe. Siku moja kabla, wasichana wa Rwamiyaga walicheza netiboli na shule jirani wakashinda kwa goli la mwisho, na Somoe alishangilia kwa namna ambayo hakuna aliyejua inakaa ndani ya mtu mpole kama yeye. Asubuhi ya ukaguzi alifungua mdomo kusalimia, ikatoka hewa.

Mkaguzi, Bwana Kamugisha, alikuwa mtu mnene, mwenye kofia ya pama na sauti ya padri. Alikaa kwenye dawati la nyuma la darasa la kwanza, magoti yamegusa kidevu, akafungua daftari. "Endelea, mwalimu."

Somoe aliandika ubaoni: makumi na mamoja. Akageuka, akanong'ona. Watoto wakainama mbele kusikia. Akanong'ona tena. Ainebyona akageukia wenzake, naye akanong'ona, na baada ya muda darasa zima lilikuwa linanong'onezana kama watu walio msibani. Mkaguzi alikuna sikio. Mlangoni, Mwalimu Mkuu alikuwa amefumba macho.

Nje ya dirisha Kantengwa aliuma midomo. Alikoroga. Aliona midomo ya Somoe ikisema "ishirini na tatu lina makumi mangapi?" na aliona hakuna aliyesikia. Akakoroga kwa nguvu. Mdomo wake, uliozoea tangu Januari, ukafunguka bila ruhusa yake.

"Ishirini na tatu lina makumi mangapi?"

"MAWILI!" darasa lilipasuka.

"Na mamoja?"

"MATATU!"

Kalamu ya mkaguzi ilisimama. Aligeuza kichwa polepole kuelekea dirishani, akaona kitambaa cha kichwa, mvuke, na ncha ya mwiko.

"Nani huyo?"

"Ni..." Mwalimu Mkuu alifumbua macho. "Ni mpishi, afisa."

"Mpishi anafundisha hesabu?"

Jibu la swali hilo halikupatikana, kwa sababu wakati huo huo kitu cha kijani kiliruka dirishani, kikatua katikati ya daftari la mkaguzi. Kilikuwa na miguu mirefu na vipapasio virefu kuliko mwili. Mkaguzi alikitazama. Darasa lilikitazama. Kikatua kingine ubaoni. Kingine kwenye bega la Somoe.

"Senene," alisema Uwiduhaye.

Usiku kulikuwa na mvua, na asubuhi ile manyunyu, na sasa senene walikuwa wanashuka kwenye nyasi ndefu za nyuma ya shule kama mtu amewamwaga kwa ungo. Haikupita hata nusu dakika. Watoto walitoka. Darasa la pili likatoka, la tatu, la saba likatoka na mwalimu wao akiwa mbele. Akina mama waliokuwa wakipalilia maharage mteremkoni wakatupa majembe wakapanda mbio na vyungu na mitungi. Somoe, ambaye hakuwahi kuona binadamu wakikimbilia wadudu badala ya kuwakimbia, alipanda juu ya meza mara ya pili mwaka ule.

Na Bwana Kamugisha? Alizaliwa upande wa Karagwe. Mama yake alikuwa akimkaangia senene kila msimu. Alijitahidi, hilo lazima lisemwe. Alikaa kwenye dawati kwa muda wa kuhesabu tano. Kisha akajinasua, akavua kofia ya pama, akakunja suruali, akaruka kizingiti kama kijana.

Mwalimu Mkuu alijishika kichwa katikati ya uwanja mtupu wa mbele. "Ukaguzi umekwisha," aliiambia migomba. "Tumekwisha."

Kantengwa alisimama na mwiko wake akaona kilima kizima kinaruka. Kicheko kilikuwa kinampanda, lakini nyuma yake lilikuja wazo, na wazo lilikuwa na mbio zaidi. Alikimbilia katikati ya nyasi, akauinua mwiko juu.

"Darasa la kwanza! Kumi kumi! Atakayeshika kumi aniletee, ahesabu mbele yangu!"

Walikuja. Walikuja wakikimbia, mikono imefumbwa, senene wakichungulia kati ya vidole. Waliketi kwenye majani, wakanyofoa mbawa na miguu kama walivyofundishwa na bibi zao, wakapanga kumi, kumi, kumi juu ya majani ya mgomba, na waliobaki pembeni ni mamoja. Walihesabu kwa Kiswahili, kwa sauti, wakibishana kwa Kiswahili, wakishtakiana kwa Kiswahili. "Mama Nikuze, huyu amehesabu mmoja mara mbili!" "Siyo kweli, ni pacha wake!"

Mkaguzi alifika mwisho, anatoka jasho, kofia imefunikwa kwa kiganja. Akakaa kwenye nyasi pamoja nao. Ainebyona alichungulia ndani ya kofia bila kuombwa, akahesabu kwa kidole.

"Afisa, wewe una ishirini na tatu. Makumi mawili na mamoja matatu."

"Vizuri sana," alisema mkaguzi. "Na wewe je?"

"Makumi manne na mamoja sita. Nimekuzidi senene..." Ainebyona alitazama angani, midomo ikicheza, "ishirini na tatu. Nimekuzidi wewe mzima tena!"

Mkaguzi alicheka mpaka senene watatu wakatoroka kwenye kofia, ikabidi zoezi la kutoa nalo lifanyike papo hapo. Kisha akaacha kucheka, akawatazama watoto mmoja mmoja. Alimuuliza Uwiduhaye jina lake, anakaa wapi, ana ndugu wangapi. Mtoto akajibu yote bila kusita, na mwishoni akaongeza kwamba suruali ya afisa imechanika nyuma.

Mchana walikula senene waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe, na Somoe, baada ya kukataa mara tatu kwa kunong'ona, alifumba macho akaweka mmoja mdomoni. Akatafuna. Akafumbua jicho moja. Akanyoosha mkono kuchukua wa pili.

Bwana Kamugisha alifungua daftari lake, lililokuwa na doa la kijani. "Mama," alimwambia Kantengwa, "nikuandike wewe nani?"

"Niandike mpishi, afisa."

"Mpishi hahesabishi watoto makumi." Alifikiri, akaandika taratibu: mzazi msaidizi wa lugha, darasa la kwanza. Akamgeukia Mwalimu Mkuu. "Kumwachia darasa peke yake, hapana. Kusimama na mwalimu, sioni kosa. Ila dirishani hapana. Mwingizeni ndani."

Mwalimu Mkuu Rwegasira alitafuta kalamu aandike agizo hilo. Zote mbili zilikuwa zimepotea kwenye nyasi.

Kikao cha wazazi kilikaa wiki iliyofuata. Mzee Elpidius alisoma maneno ya mkaguzi, watu wakapiga makofi, kisha mwanamke mmoja akauliza jambo ambalo kila mtu alikuwa analiogopa: na uji je? Watu wakaangalia miguu yao. Nyuma kabisa Anastazi akasimama, akasafisha koo.

"Nitakoroga mimi," alisema.

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika barabarani. Wanaume wengine walizomea kwa utani, mmoja akauliza kama atavaa na kitenge, Anastazi akajibu kwamba akipewa kizuri atavaa. Kantengwa hakuweza kumtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa kwenye bega la jirani yake, na jirani hakujua kama analia au anacheka, na yeye mwenyewe hakujua.

Januari, siku ya kufungua shule, aliingia darasa la kwanza kwa mlango. Watoto wapya sitini na mmoja walikuwa wamekaa wanne wanne kwenye madawati. Mmoja analia, mmoja amelala, mmoja ameshavaa kiatu kichwani. Somoe, ambaye sauti yake ilikuwa imerudi zamani, alimpa daftari la mahudhurio. "Leo ita wewe, Mama Nikuze. Tafadhali."

Aliweka kidole chini ya jina la kwanza, akalisoma moyoni, akalisoma tena, kisha akalitoa.

"Mahoro!"

Halafu mtoto mmoja akapanda juu ya dawati ili aonekane vizuri. "Nipo!" alipiga kelele, maana dada yake alimfundisha njiani.

Joto likampanda Kantengwa kutoka miguuni mpaka masikioni. Akaita la pili, la tatu, kidole kikitembea, sauti ikikua. Kufika la ishirini alikuwa anaita kama mtu anayetangaza washindi. Kufika la hamsini watoto walikuwa wanajibu kwa kuruka. Aliita la sitini na moja, akageuza ukurasa, akakuta ni mweupe.

Alimtazama Somoe. Somoe akainua mabega, akatabasamu.

Kantengwa akarudisha ukurasa, akaweka kidole juu kabisa, akaanza upya.